Sauti, Maruweruwe na Ndugu “Waliobadilishwa”: Familia Ifanye Nini

Bibi wa miaka 80 amekaa kitandani usiku. Anamwambia mjukuu wake kwamba kwenye kona ya chumba wamesimama watoto watatu waliovaa nguo nzuri. Hawasemi, hawamtishi, na taa ikiwashwa wanatoweka. Ukimhoji utamkuta na akili timamu: anajua leo ni siku gani, anawataja wajukuu wote kwa majina, na anakumbuka hata chenji aliyoidai dukani juzi. Kitu kimoja tu hakiko sawa. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, na ni miaka sasa haoni vizuri.

Habari za hali hii ziliandikwa zamani. Mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, alieleza jinsi babu yake, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka 90 aliyekuwa amefifia macho, alivyokuwa akiona wanaume, wanawake, ndege, magari ya farasi na majengo ambayo hayakuwapo. Mzee mwenyewe alijua vema kwamba hayo anayoyaona si ya kweli. Leo madaktari wanaita hali hiyo kwa jina la mjukuu, yaani dalili za Charles Bonnet. Sehemu ya ubongo inayopokea habari kutoka machoni haikai kimya habari hizo zinapopungua. Huanza kutengeneza picha zake yenyewe. Ndiyo maana watu wenye mtoto wa jicho, presha ya macho, au macho yaliyoharibiwa na kisukari huweza kuona sura za watu, maua, nakshi ukutani au watu wadogo wadogo, picha zisizo na sauti kabisa, ilhali hawana ugonjwa wa akili.

Nimemtanguliza bibi huyu kwa sababu hali yake hufichwa sana. Wazee wengi hawasemi. Wanaogopa kuitwa vichaa, na huku kwetu wanaogopa jina baya kuliko hilo. Usukumani na kwingineko Tanzania vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi yanatokana na miaka mingi ya moshi wa jikoni, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Bibi kama huyo akisema kwamba usiku anaona watu chumbani, maneno yake yanaweza kumponza. Kwa hiyo ukimsikia mzee asiyeona vizuri akisema hivyo, usiyapeleke maneno hayo kwa majirani. Mwambie mwenyewe kwa upole: “Bibi, hizo picha zinaletwa na macho kutoona vizuri. Huna wazimu, na hakuna aliyekutupia kitu.” Wapo wanaopata nafuu kubwa kwa kuambiwa hayo tu. Mfundishe kuwasha taa, kupepesa macho, au kutupa macho kushoto na kulia mara kadhaa picha zinapokuja. Kisha mpelekeni kliniki ya macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na macho yakirudi, mara nyingi picha nazo huondoka.

Anachokiona bibi ni maruweruwe, yaani kuona, kusikia, kunusa, kuonja au kuhisi mwilini kitu ambacho hakipo. Dhana potofu ni jambo jingine. Hapo macho na masikio yanaweza kuwa salama, lakini mtu ameshika imani isiyo ya kweli, na hata umletee ushahidi gani haiachi. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili: anasikia sauti zikimsema, halafu anaamini kwamba jirani ndiye anayezituma kwa njia ya simu.

Wala si kila anayeona au kusikia yasiyokuwapo ni mgonjwa. Mjane anaweza kusikia marehemu mumewe akibisha hodi, au kunusa sigara yake sebuleni, wiki chache baada ya mazishi. Ni sehemu ya majonzi, na mara nyingi humfariji. Wengi wetu tumewahi kusikia tukiitwa jina pale usingizi unapoanza kutuchukua. Na wapo wanaokabwa na jinamizi. Mtu huyo yuko macho, ila misuli yake bado imo usingizini. Hawezi kujigeuza wala kupiga kelele, anahisi kitu kizito kifuani, pengine anaona kivuli au anasikia hatua za mtu chumbani. Dakika chache tu na imekwisha. Uchovu, saa za kulala zisizo na mpangilio na kulala chali huchangia. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam, familia zikawa zinakesha nje kwa makundi. Baadhi ya wachunguzi wameyalinganisha masimulizi ya walioshambuliwa na dalili za jinamizi. Katika hofu ile ile, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati huko Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Anayeumwa aliuawa na wazima walioshikwa na hofu.

Hapa wasomaji wengi watauliza: je, anayeamini majini au mapepo naye ana dhana potofu? Hapana. Madaktari wa akili hawaiiti ugonjwa imani ambayo mtu anashirikiana na watu wa dini na jamii yake. Wanachotazama ni kama wenzake katika imani hiyo hiyo wanamwelewa. Kijana anayesema amefunuliwa kuwa yeye ndiye mtume mpya, na shehe wake na waumini wenzake wakashangaa, na huku ameacha kulala, kuoga na kwenda kazini, huyo anaumwa. Kisomo au maombi yakiendelea hayamdhuru, ilimradi asipigwe, asifungwe, asifungishwe kwa siku nyingi bila chakula, na asiachishwe dawa.

Kati ya dhana potofu, zipo za ajabu ambazo zikiingia ndani ya nyumba zinaivuruga familia kwa namna ambayo haikuwahi kuwazia. Ninazieleza kwa kirefu kwa sababu familia isiyojua kwamba jambo hili lina jina na lina matibabu hulitafutia jibu kwa mpiga ramli, na jibu la mpiga ramli mara nyingi huja na jina la ndugu fulani.

Mwaka 1923 daktari wa Ufaransa, Joseph Capgras, pamoja na mwenzake Jean Reboul-Lachaux, walieleza habari za mwanamke wa Paris aliyekuwa na hakika kwamba mumewe na binti yake walichukuliwa, na nafasi zao kujazwa na watu wengine wanaofanana nao kama shilingi kwa ya pili. Alikuwa amefiwa na watoto kadhaa. Mwaka 1918 alikwisha kwenda polisi kuomba msaada, akidai kwamba kuna watu wamefungiwa chini ya ardhi mjini. Tangu hapo hali hiyo inaitwa kwa jina la Capgras. Huonekana kwa wenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na kwa watu walioumia kichwa, jambo ambalo sisi wenye ajali za bodaboda kila siku tunapaswa kulikumbuka.

Nini hutokea? Uso wa mama unapoonekana, ubongo hufanya kazi mbili kwa pamoja: unautambua uso, na unauamsha ule moyo wa kumfahamu na kumpenda. Kwa mgonjwa wa Capgras, kazi ya kwanza inakwenda sawa, ya pili imekatika. Anaona sura, sauti, kovu la kidole, kila kitu ni cha mama, lakini ndani yake hakuna kinachoamka. Ubongo unajaribu kulieleza pengo hilo, na maelezo unayoyapata ni kwamba huyu si yeye. Mwaka 1997 William Hirstein na Vilayanur Ramachandran walichapisha habari za kijana aliyeumia kichwa katika ajali ya gari. Alipowatazama wazazi wake alisema ni watu wengine. Walipompigia simu alijua mara moja kwamba ni wao. Njia ya sikio ilikuwa nzima, ya jicho ndiyo iliyoharibika.

Jambo hilo lina faida nyumbani. Mwana anapokataa chakula kwa kusema mpishi si mama yake, mama aingie chumba kingine ampigie simu, au amwite akiwa nje ya mlango kabla hajaonekana. Si kwa kila mgonjwa itafaa, lakini pale inapofaa hutuliza mambo kwa muda. Kisichofaa ni kubishana. Kumletea cheti cha kuzaliwa, picha za harusi na mashahidi wa ukoo ni kumthibitishia kwamba njama ni kubwa kuliko alivyodhani. Wala msimkubalie kwa uongo, mkasema “kweli, mama yako amefichwa Morogoro, kesho tutamfuata”, kwa kuwa kesho itafika. Mama anaweza kusema: “Mwanangu, naona una hofu kubwa. Mimi ni mama yako, ila sitabishana nawe. Chakula hiki hapa. Chagua sahani unayoitaka, mimi nitakula iliyobaki.” Maneno hayo hayatamponya, lakini yatamfanya ale, na yatamwacha na mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye bado anaweza kumsikiliza siku ya kwenda hospitali.

Hatari yake msiidharau. Anayeamini kwamba baba yake ameuawa na muuaji ndiye anayelala chumbani kwa baba anaweza kumshambulia “muuaji” huyo. Mgonjwa wa namna hiyo akianza kumtaja mtu mmoja kwa hasira, kumfuatilia au kuficha kisu, basi huyo anayetajwa alale kwingine usiku huo huo, mapanga na mashoka yaondolewe, na mgonjwa afikishwe hospitali bila kungoja kikao cha ukoo.

Iko pia hali iliyo kinyume cha hiyo. Mwaka 1927 ilielezwa habari ya mwanamke mmoja mpenzi wa maigizo aliyeamini kwamba waigizaji, akiwamo Sarah Bernhardt aliyesifika sana enzi hizo, wanamwandama kwa kujigeuza sura za watu mbalimbali anaokutana nao. Hali hiyo ilipewa jina la Fregoli, Mwitaliano aliyekuwa hodari wa kubadili mavazi na sura jukwaani kwa kasi. Mgonjwa wa Fregoli huona adui mmoja ndani ya kondakta wa daladala, muuza vocha na nesi. Msindikizaji wake na ajue kwamba hofu hiyo inaweza kumgeukia daktari pia, hivyo amwambie daktari mapema.

Lakini kama ningeambiwa nichague dhana moja ambayo kila familia iijue, ningechagua ile ya Cotard, kwa sababu huua kimyakimya. Mwaka 1880 Jules Cotard alieleza mbele ya madaktari wenzake wa Paris habari za mwanamke wa miaka 43 aliyesema hana ubongo, hana mishipa, hana tumbo, amebaki ngozi na mifupa tu, na kwamba hawezi kufa kifo cha kawaida. Kwa kuwa hana tumbo, hakuona haja ya kula. Mwishowe alikufa kwa njaa. Wenye hali hii husema wameoza ndani, damu imekauka, au wamekwisha kufa na wanangoja kuzikwa. Nyuma yake mara nyingi ipo sonona kali, ile huzuni iliyozidi mpaka ikaukalia mwili mzima, na hasa huwapata watu wa makamo na wazee. Mzee wa namna hiyo haleti fujo. Ametulia pembeni, hakuna anayeshtuka, watu wanasema amezeeka tu. Kumbe ana siku kadhaa hajanywa maji. Akisema tumbo limekufa na sahani yake inarudi ilivyokwenda, hiyo ni dharura sawa na kuvuja damu. Matibabu yapo: dawa za sonona pamoja na dawa za kuondoa dhana, na katika hospitali kubwa matibabu ya umeme kichwani chini ya dawa ya usingizi. Najua watu wanayaogopa matibabu hayo ya umeme kwa mambo waliyoyaona kwenye filamu. Kwa mgonjwa wa Cotard aliyeacha kula ni miongoni mwa tiba zinazofanya kazi haraka, na mgonjwa hasikii maumivu kwa kuwa amelala.

Wapo wanaohisi wadudu wakitembea chini ya ngozi. Karl-Axel Ekbom wa Sweden aliwaeleza mwaka 1938, na jina lake limebaki. Hufika kliniki na kiberiti au karatasi iliyokunjwa, ndani yake vipande vya ngozi kavu, nyuzi za nguo na vumbi, wakisema ndio wadudu wenyewe. Wengine hujikwaruza mpaka vidonda, au hujipaka dawa ya kuulia wadudu wa shambani na mafuta ya taa. Hapa kwanza kabisa atafutwe mdudu wa kweli: upele upo, funza wapo, chawa wapo, na ni dhuluma kumwita mtu mgonjwa wa akili wakati nyumba nzima inajikuna. Upungufu wa vitamini B12, kisukari, na utumiaji wa kokeini navyo huleta hisia hizo. Vyote hivyo vikikosekana ndipo tuzungumze juu ya dhana. Daktari mzuri wa ngozi hamcheki. Anakipokea kiberiti, anakitazama, kisha anatibu vidonda na kumshawishi taratibu kuanza dawa.

Sasa tuje kwenye wivu, na hapa sitapita haraka. Wivu wa kawaida tunaufahamu. Wivu wa ugonjwa, ambao John Todd na Kenneth Dewhurst waliuita mwaka 1955 kwa jina la Othello, yule wa mchezo wa Shakespeare anayemuua mkewe kwa kosa asilolitenda, una sura yake. Mume anakagua nguo za ndani za mkewe kila jioni. Anapima dakika za kwenda gengeni. Anamhoji mpaka alfajiri, na mke akichoka akakiri kosa asilolifanya ili apate kulala, hapo ndipo hatari inapozidi. Huwapata wanawake pia, lakini wanaume ndio wanaojaza kumbukumbu za mauaji. Pombe iliyonywewa kwa miaka mingi ina uhusiano mkubwa na ugonjwa huu. Ukoo huwa na mazoea ya kumwambia mke: “Vumilia, mwanangu, anakupenda sana ndiyo maana.” Nawasihi mashangazi na wajomba waache maneno hayo. Mwanamume anayemhukumu mkewe usiku na mchana bila ushahidi, ambaye hakuna jibu linalomtosheleza, anahitaji daktari, na mke anahitaji mahali pa kulala mbali naye mpaka apone. Madaktari wenyewe katika hali hii mara nyingi hushauri watengane kwa muda, hata dawa zikiwa zimeanza. Dawati la jinsia la polisi lihusishwe pale panapokuwa na vitisho.

Ndugu ya wivu huo ni dhana ya kupendwa. Gaëtan Gatian de Clérambault, daktari wa Paris, alieleza mwaka 1921 habari za mwanamke wa Kifaransa wa miaka 53 aliyeamini kwamba Mfalme George V wa Uingereza anampenda. Alisafiri mpaka London akasimama nje ya kasri la Buckingham, na pazia likitikisika dirishani aliliona kuwa salamu. Siku hizi pazia hilo limo ndani ya simu: mtangazaji wa redio, mchungaji, mwalimu au msanii anaweka picha, na mtu asiyemfahamu anaisoma kama ujumbe wake binafsi. Anayependwa namna hiyo asijibu kabisa, hata kwa matusi, kwani jibu lolote huhesabiwa kuwa ndiyo. Atunze jumbe zote na kuwajulisha ndugu wa mgonjwa.

Dhana pia huambukiza, kwa maana fulani. Charles Lasègue na Jules Falret walionyesha mwaka 1877 kwamba watu wawili wanaoishi pamoja, wamejifungia mbali na wengine, mmoja akiwa mgonjwa na ndiye mwenye sauti ndani ya nyumba, wa pili huishia kuamini yale yale. Mama na binti, dada na dada, mke na mume. Wakitenganishwa, yule wa pili mara nyingi hupata nafuu, na anayebaki na dhana ndiye wa kutibiwa kwanza.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba yote haya ni maradhi ya akili tu. Kosa kubwa ninaloliona likirudiwa katika familia zetu, na hata kwenye baadhi ya vituo vya afya, ni kusahau mwili. Mtu mzima aliyekuwa mzima juzi, leo anaona wadudu ukutani na hajui yuko wapi, mpimeni malaria kabla ya jambo lolote. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, figo zilizoshindwa, kaswende ya muda mrefu na maambukizi ya VVU kwenye ubongo vyote huweza kumfanya mtu aweweseke na kuona mambo. Kwa mzee, maambukizi ya njia ya mkojo au kukosa maji vinatosha. Dalili za kuwashtua ni hizi: imeanza ghafla, kuna homa, hali inabadilika kutwa nzima na kuzidi usiku, mtu anasinziasinzia, au anaona vitu zaidi ya kusikia sauti. Anayesikia harufu ya mpira unaoungua ambayo wengine hawaisikii, kwa dakika chache tu na kwa kurudiarudia, anaweza kuwa na kifafa. Dawa nazo hazijasalimika. Mefloquine ya malaria, na efavirenz iliyotumiwa miaka mingi katika tiba ya VVU, zimewaletea watu wengine ndoto kali na maruweruwe. Ikitokea hivyo nenda kliniki ubadilishiwe, usiache mwenyewe.

Mlevi aliyeacha pombe ghafla anastahili aya yake. Siku ya pili au ya tatu baada ya chupa ya mwisho anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, anaokota wadudu wasioonekana kwenye shuka. Familia inafurahi kwamba ameokoka, kumbe yuko katika hatari ya kufa. Huyu ni wa hospitali siku hiyo hiyo, apewe dawa za kutuliza, maji na vitamini B1. Anayekunywa kila siku na anataka kuacha aache kwa msaada wa daktari.

Na mzazi. Mwanamke 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua hupata saikosisi ya uzazi, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo. Halali hata mtoto akilala, anasema sana, anaamini mtoto amebadilishwa, au mtoto ni shetani, au ni mtakatifu. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, wala isisemwe kwamba ni mambo ya arobaini yatapita. Mama mwenyewe hana kosa. Akitibiwa hupona vizuri, na humlea mwanawe kama mama mwingine yeyote. Mimba itakayofuata aiseme mapema kliniki, kwa sababu hali hii huweza kujirudia.

Swali moja familia huogopa kuliuliza, nalo ni la lazima kwa kila anayesikia sauti: “Zinakuambia nini? Zinakuamrisha ufanye jambo?” Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Sauti zikimwamrisha kujidhuru au kumdhuru mtu, asindikizwe mpaka hospitali na asikae peke yake njiani.

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya, na ikibidi ndipo atapelekwa zaidi: Mirembe kule Dodoma au idara ya akili Muhimbili, Kidongo Chekundu kwa walioko Unguja, Mathari jijini Nairobi, Butabika Kampala. Msimfunge kamba. Akilazimika kuzuiliwa kwa kuwa ni hatari, wamshike watu wanne wanaofahamiana naye, mmoja tu ndiye azungumze, na msimlaze kifudifudi wala kumkalia mgongoni, kwa maana watu wamekosa pumzi wakafa namna hiyo. Nendeni na maelezo yaliyoandikwa: ilianza lini, ipi ilitangulia kati ya homa na maneno, halali tangu siku gani, anakunywa au anavuta nini, dawa zote anazotumia zikiwamo za mitishamba, na kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuumwa hivyo. Daktari akiwa na foleni ndefu, karatasi hiyo itamsaidia kuliko masimulizi ya watu watano kwa pamoja.

Dawa zinazotumika sana huku kwetu ni haloperidol, chlorpromazine, risperidone na olanzapine. Usingizi na utulivu huja ndani ya siku chache, lakini sauti na dhana huchukua wiki kadhaa kufifia. Mara nyingi haziondoki siku moja. Mgonjwa huanza kusema “bado nazisikia, ila hazinisumbui sana”, na hayo ni maendeleo makubwa. Kwa anayesahau vidonge ipo sindano ya kila baada ya wiki mbili hadi nne.

Yako madhara ambayo familia isipoambiwa huacha matibabu. Saa au siku chache baada ya haloperidol, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda upande mmoja, macho yakapanda juu, taya likakaza. Watu waliokuwa wakishuku jini huona sasa jini limejionyesha, na dawa zinatupwa. Hilo ni dhara la dawa linalojulikana vizuri, na sindano au kidonge cha kulegeza misuli hulimaliza kwa muda mfupi, kwa hiyo rudini kituoni usiku huo huo. Mwingine hawezi kutulia, anatembeatembea chumbani mpaka asubuhi. Mwingine anakakamaa, mikono inatetemeka, udenda unatoka. Wa olanzapine ananenepa haraka na sukari inapanda. Yote haya yana suluhisho la kubadilisha kipimo au dawa. Akikakamaa mwili mzima huku ana homa kali na amechanganyikiwa, msimpe kidonge kingine. Mkimbizeni hospitali na paketi ya dawa mkononi.